Kamba Iliyo Juu ya Kichwa: Hotuba kwa Wanafunzi Wapya wa Sarakasi na Wazazi Wao

Kwa wakubwa zangu wote mliopo hapa, walimu, wazazi na wazee wa mtaa, shikamooni. Wadogo zangu mnaoanza mafunzo wiki hii, hamjambo.

Nimepewa nafasi hii nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, si mwalimu wala si msanii aliyezunguka dunia, na kwa hiyo nitasema yale tu ambayo mwanafunzi anaweza kuyasema kwa uhakika: aliyofundishwa, aliyoyapata kwa mwili wake, na aliyochelewa kuyajua. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu. Niliingia katika sarakasi ya angani nikidhani kwamba ninakwenda kujifunza namna ya kupanda kitambaa, kuning'inia na kuzunguka, na ulipita zaidi ya mwaka mzima kabla sijaelewa kwamba nusu ya elimu hii haimo mwilini mwangu hata kidogo, bali imo katika kamba, kapi, pete za chuma na mhimili ulio juu ya kichwa changu.

Wazazi wetu, sarakasi ya ardhini mnaijua vizuri, na wengi wenu mmeiona viwanjani siku za sherehe: vijana wanaopanda mabegani mwa wenzao hadi wakafanya mnara wa watu, wanaopiga samasoti mfululizo, wanaopita ndani ya pete kwa kichwa, wanaosimama kwa mikono juu ya viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Sanaa hiyo ina mizizi katika nchi yetu. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporudi wakawa kiini cha kikundi cha taifa. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, mafunzo yakapata makao katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo tunakifahamu kwa jina la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Majirani zetu nao hawakulala: Nairobi wana Sarakasi Trust tangu mwaka 2001, na huko Cape Town shule ya Zip Zap imekuwa ikifundisha watoto tangu 1992. Ninayataja haya kwa sababu mwalimu anayemfundisha mtoto wako kupiga samasoti leo amefundishwa na mtu, ambaye naye alifundishwa na mtu, na mnyororo huo umekwisha kupita vizazi kadhaa. Makosa mengi yamekwisha kufanywa na kusahihishwa.

Sarakasi ya angani ni jambo jingine. Duniani kwenyewe si ya kale sana. Trapezi ya kuruka, yaani kuruka hewani kutoka bembea moja hadi nyingine, inahesabiwa tangu usiku wa tarehe 12 Novemba 1859, Jules Léotard alipoachia bembea moja na kushika nyingine mbele ya watazamaji wa Paris. Kwetu hapa vitambaa, pete ya angani na trapezi ni vitu ambavyo wengi wetu tuliviona kwanza kwenye simu kabla ya kuviona kwa macho. Tumevipenda haraka, na tuna haki ya kuvipenda, lakini mnyororo wa walimu bado ni mfupi. Anayeanguka kutoka kwenye mnara wa watu huanguka juu ya ardhi ileile aliyosimamia mwenzake, na ardhi haihitaji kukaguliwa. Anayepanda kitambaa husimama juu ya kazi ya mikono ya mtu mwingine, ambaye mara nyingi hamwoni, na kama mkono huo ulikosea, nguvu zote za mpandaji na miaka yake yote ya mazoezi havimsaidii kitu.

Kabla sijaeleza zaidi kuhusu kamba, niseme kidogo juu ya mwili, kwa kuwa najua wadogo zangu mmekuja na hamu ya kupanda leo hii. Hamtapanda leo. Katika wiki za kwanza mtakimbia, mtapiga msamba, mtakaa katika daraja, yaani mgongo umepindwa na viganja na nyayo viko sakafuni, mtasimama kwa mikono mkiegemea ukuta hadi viganja vichoke, kisha mtafundishwa kuning'inia tu, pasipo kufanya lolote lingine. Kuning'inia kuna elimu yake. Mtu asiyefundishwa huacha mabega yapande hadi masikioni, na uzito wote wa mwili ukabaki kwenye kano na viungo. Aliyefundishwa hushusha mifupa bapa ya mabega, akakaza mgongo, na misuli mikubwa ikabeba mzigo. Ukiwatazama kutoka mbali hutaona tofauti, lakini baada ya miezi sita mmoja wao anaendelea na mazoezi na mwingine anatafuta dawa ya bega.

Hapa nataka kuwaonya hasa wale mnaotoka katika sarakasi ya ardhini, maana mimi nilikuwa mmoja wenu. Nilikuja nikiwa na mikono yenye nguvu, nikaona wenzangu wanapewa mazoezi ya polepole, nikadhani hayanihusu. Misuli huimarika kwa wiki chache, lakini kano huchukua miezi mingi, na hatari iko katika muda huo wa katikati, pale ambapo nguvu za misuli zimekwisha kuzidi uwezo wa kano zinazoishikilia kwenye mfupa. Kiwiko changu kiliuma kwa miezi minne kwa sababu ya kutolijua jambo hilo, na muda nilioupoteza nikiwa nimekaa pembeni ulikuwa mrefu kuliko ule niliokuwa nikijaribu kuuokoa.

Baada ya hapo huja kitambaa chenyewe. Ni nguo laini ya nailoni, ndefu, iliyokunjwa katikati na kufungwa juu, ikaacha mikia miwili inayoshuka hadi sakafuni. Utajifunza kupanda kwa kukizungushia kwenye mguu mmoja na kukikanyaga kwa mwingine. Utajifunza kufunga fundo la mguu, ambalo hukaza zaidi kadiri unavyolielemea, na kulifungua. Kisha utajifunza kujizungushia kiunoni na mapajani, ili siku moja uachie mikono na kuporomoka kwa hesabu hadi mzingo wa mwisho ukukamate. Mwalimu wetu hakuruhusu mtu aporomoke kabla hajaweza kusimama chini, macho yamefungwa, na kueleza mzingo mmoja mmoja kwa mfuatano, upande upi unapita mbele na upi unapita nyuma, na nini kitatokea endapo mmoja utasahauliwa. Wakati ule niliona ni ukali usio na sababu. Siku hizi mimi ndiye ninayewauliza wadogo zangu maswali hayo, na asiyeweza kunijibu namwambia ashuke.

Kitambaa huchubua. Nailoni ikiteleza kwa kasi juu ya ngozi huacha jeraha kama la moto, na ndiyo sababu tunavaa suruali ndefu za kubana na mikono mirefu tunapofanya mazoezi. Nalisema hili kwa makusudi mbele ya wazazi, kwa kuwa nimekwisha kusikia zaidi ya mara moja baba au mama akimkatalia binti yake kwa kuhofia mavazi. Mavazi ya kujisitiri hayapingani na mazoezi haya. Mwili uliofunikwa ndio ulio salama kitambaani, na binti anayetaka kujifunika kichwa anachohitaji ni kifuniko cha kubana kisicho na pini wala ncha inayoning'inia.

Sasa nirudi juu ya kichwa. Katika mwaka wangu wa kwanza, mimi na wenzangu wawili tulialikwa kuonyesha katika ukumbi mmoja, na tulipofika tukakuta kitambaa kimekwisha kufungwa kwenye boriti ya paa. Hatukuuliza nani amekifunga. Nilipanda, nikafunga mguu, na nilipoanza kubembea nikasikia mlio mfupi wa ubao, kisha vumbi likanidondokea usoni. Nilishuka kwa utulivu ambao sijui niliupata wapi. Tulipopanda kwa ngazi kutazama, tulikuta boriti imepasuka kwa urefu wa mkono, na fundo lilikuwa la kawaida, kama la kufungia mbuzi. Sikuumia, na mwenye ukumbi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameona kwamba mtu mzito amejaribu kuning'inia hapo na boriti haikutikisika, akaridhika.

Na hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kwa hesabu. Mtu wa kilo 60 anayening'inia bila kutikisika huivuta kamba kwa uzito wake wa kilo 60. Mtu huyohuyo akianza kubembea kutoka pale ambapo kamba imelala sawa na sakafu, anapopita chini kabisa huivuta kamba kwa mara 3 ya uzito wake, yaani kana kwamba kilo 180 zimetundikwa hapo, na hali hajaongezeka hata gramu moja. Akiporomoka na kukamatwa ghafla, mvuto unaweza kuwa mkubwa zaidi, kwa kadiri ya kimo alichoanguka na jinsi kitambaa kinavyonyumbuka. Boriti za paa la nyumba zimekadiriwa kubeba mabati na upepo, hazikukadiriwa kubeba mshtuko wa namna hiyo unaorudiwa mara 40 kwa siku. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hawaulizi kama mahali pataweza kumbeba mtu. Huchukua mzigo mkubwa kabisa unaoweza kutokea, kisha wakatafuta kifaa ambacho kingehitaji mzigo mara nyingi zaidi ya huo ili kivunjike.

Kuna hesabu nyingine iliyonishangaza zaidi. Tukitaka kutundika kitu katikati ya mihimili miwili, tunatumia kamba mbili zinazokutana chini kama herufi V, na mtu hufikiri kwamba kila kamba imebeba nusu ya mzigo. Si hivyo. Kadiri kamba zinavyotanuka, kila moja hubeba zaidi, na pembe kati yake ikifika nyuzi 120, kila kamba hubeba mzigo wote kana kwamba mwenzake hayupo. Ikizidi hapo, kila moja hubeba zaidi ya mzigo wenyewe. Wapo wanafunzi wa sarakasi wenye ustadi mkubwa wa mwili, lakini ukiwauliza jambo hili hawalijui, na mimi sioni kwamba kosa ni lao, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha.

Mifano ya wakubwa wa sanaa hii ipo. Lillian Leitzel alikuwa nyota mkubwa wa angani nchini Marekani, mwanamke mdogo wa umbo aliyejulikana kwa kujizungusha kwa mkono mmoja mara nyingi mno, bega likitoka na kurudi mahali pake kila mzunguko. Tarehe 13 Februari 1931, akiwa katika onyesho mjini Copenhagen, kizungushio cha chuma kilichoshikilia kamba yake kilivunjika, akaanguka, na akafariki siku mbili baadaye. Mkono wake haukuteleza. Kilichoshindwa ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, kilichochoshwa na matumizi ya muda mrefu. Tena tarehe 4 Mei 2014, mjini Providence nchini Marekani, wanawake 8 waliokuwa wakining'inia kwa nywele zao walianguka kwa pamoja mbele ya watazamaji, kwa sababu karabina moja, yaani pete ya chuma yenye mlango wa kufungua na kufunga, iliyoshikilia mzigo wote ilikatika. Wachunguzi wa usalama kazini walikuta kwamba karabina hiyo ilipakiwa mzigo kwa namna isiyostahili. Walinusurika, wengine wakiwa na majeraha makubwa.

Nimelishika neno hilo, namna isiyostahili. Karabina nzuri huwa imeandikwa nguvu zake ubavuni. Ile ya kawaida ya kupandia majabali huandikwa kati ya kilonyutoni 20 na 25, na kilonyutoni moja ni takriban uzito wa kilo 100 zilizotundikwa. Lakini namba hiyo ni kwa karabina inayovutwa kwa urefu wake, mlango umefungwa. Ikigeuka ikavutwa kwa upana, au mlango ukiachwa wazi, nguvu hushuka hadi karibu thuluthi. Chuma ni kilekile, mtu ni yuleyule, na tofauti ni sekunde tatu za kutazama.

Sisi watu wa pwani tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Mwalimu wetu alipoona kwamba hatushiki somo la kamba, alimwalika mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi aje atuonyeshe kazi yake. Mzee yule hakuwahi kuona trapezi maishani mwake. Alitazama juu kwa muda, akauliza mafundo yanakaguliwa na nani, kisha akatueleza jinsi henza, ile kamba ya kupandishia tanga, inavyopita katika abedari, yaani kapi iliyo kichwani mwa mlingoti, jinsi foromali, ule mti unaobeba tanga, inavyopanda na tanga lenyewe, na jinsi baharia anavyoipitisha kamba yote viganjani mwake, pima kwa pima, akitafuta kwa vidole mahali palipolika ambapo macho hayapaoni. Baada ya siku hiyo majina ya Kiingereza ya vifaa vyetu yalipungua umuhimu. Kapi tulikuwa nayo, henza tulikuwa nayo, mafundo tulikuwa nayo, na pia ile tabia ya kutoiamini kamba kwa sababu tu jana ilikubeba.

Tulichojifunza kutokana na mazingira yetu ni hiki. Hewa ya bahari hula chuma, na pete iliyoonekana mpya mwezi wa Januari inaweza kuwa na kutu ndani ya uzi wa parafujo ifikapo Juni, mahali ambapo huwezi kuona usipoifungua. Jua huidhoofisha nailoni, kwa hiyo kitambaa hakiachwi kimetundikwa uwanjani mchana kutwa, hata kama ni kizito kukishusha na kukipandisha. Jasho na vumbi hukikausha kitambaa kikawa kikali, na kidonda kidogo cha uzi mmoja hukua. Kitambaa kichafu hufuliwa, kilichochanika hakishonwi. Hukatwa kikawa kitu kingine. Natambua kwamba vifaa ni ghali na vingi huagizwa kutoka nje, na najua uchungu wa kukata kitambaa ambacho kikundi kizima kilichanga fedha kukinunua. Hata hivyo sijaona njia nyingine.

Niseme pia juu ya mtu anayedaka. Tarehe 10 Julai 1982, huko Tucson nchini Marekani, Miguel Vázquez aliruka kutoka kwenye trapezi, akapiga samasoti 4 hewani na kudakwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika onyesho. Jina lake ndilo linalotajwa. Aliyemdaka ni kaka yake Juan, ambaye alikuwa akining'inia kichwa chini, akihesabu mizunguko ambayo mwenyewe hakuifanya, ili mikono yake ifike mahali panapotakiwa kwa wakati unaotakiwa. Katika shule yetu kila mwanafunzi hupitia nafasi ya kushika kabla ya kupewa nafasi ya kushikwa, tena hupitia kazi ya kuvuta kamba ya usalama ya mwenzake. Baadhi yenu mtaona kwamba hizo ni saa zilizopotea. Mimi nimejifunza zaidi nikiwa nimeshika kamba chini kuliko nikiwa juu, kwa kuwa chini ndipo unapoona mwili wa mwenzako unavyoanza kuchoka kabla yeye mwenyewe hajajua.

Wazazi wetu, hofu yenu ni ya haki, na sitawaambia muiache. Nawaomba tu muigeuze kuwa maswali. Msimuulize mwalimu kama ni hatari, kwa maana jibu mnalijua. Muulizeni nani amefunga kamba ile, lini ilikaguliwa mara ya mwisho, vifaa vilinunuliwa lini, magodoro yana unene gani, nani hapa anajua huduma ya kwanza, na mtoto akiumia anapelekwa hospitali gani kwa gari la nani. Shule isiyo na majibu msiiachie mtoto wenu, hata kama wanafunzi wake wanapendeza jukwaani, na hata kama shule hiyo ni yetu.

Na kwa walimu wangu nina ombi moja, ambalo nalitoa kwa heshima yote. Tunapewa mtihani wa kusimama kwa mikono, wa kunyumbuka, wa samasoti na wa kupanda. Somo la kamba linafundishwa mchana wa Ijumaa, wakati kila mtu amechoka, na halina mtihani. Lipeni mtihani. Anayeshindwa kufunga, kukagua na kueleza mzigo wa mahali anapotaka kupanda abaki chini hadi atakapoweza, hata kama ni mpandaji bora kuliko wote, nami nitakuwa tayari kufanya mtihani huo wa kwanza.

Baada ya hotuba hii kitambaa kitashushwa chote, na kila kifaa kitawekwa mezani karibu na mlango, pamoja na daftari la ukaguzi lenye tarehe na sahihi. Wadogo zangu mtakifungua kimoja kimoja pamoja nasi, mtakipitisha viganjani, na mtaandika mlichokiona. Wazazi mnakaribishwa kusogea na kutazama. Baba aliyewahi kufanya kazi chomboni au kwenye ujenzi asikae nyuma, tunahitaji macho yake. Ngazi iko tayari. Asanteni sana kwa kunisikiliza.